"Siku kama ya leo": kosa huanzia kwenye kitenzi

Ndugu Mhariri,

Karibu kila gazeti letu lina kisanduku cha "Siku kama ya leo", na mara nyingi hujazwa usiku, ukurasa ukisubiriwa kiwandani, kwa kunakili orodha ya mtandaoni. Makosa yake hujirudia. Anayejua yanakojificha huyaondoa kwa nusu saa, na siku nzuri ya kuyaonyesha ni 26 Aprili, ambayo kwetu ni sikukuu.

Mstari unaorudiwa kila mwaka ni kwamba siku hiyo mwaka 1964 "ilizaliwa Tanzania". Nchi mbili ziliungana, ni kweli, lakini dola iliyopatikana iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilikuja 29 Oktoba mwaka huohuo. Hati za Muungano zilikuwa zimesainiwa na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume kule Zanzibar, Jumatano ya 22 Aprili. Muungano wenyewe ulianza Jumapili ya tarehe 26, na kesho yake viongozi wakakutana Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kubadilishana hati. Jambo moja, tarehe nne, na zote ni sahihi ilimradi kila moja ipewe kitenzi chake: walisaini, ulianza, walibadilishana, ilipewa jina. Mwandishi akiandika "waliungana" kwa zote nne, amekwisha kukosea hata kama tarakimu ziko sawa.

Mtego huohuo uko Afrika Kusini. Upigaji kura wa mwaka 1994 ulianza 26 Aprili kwa makundi maalumu, wakiwemo wazee na wagonjwa. Umma ulipanga foleni tarehe 27, ndiyo maana Siku ya Uhuru huadhimishwa kwao tarehe 27. Kuandika kwamba Mandela "alichaguliwa kuwa rais" siku hiyo ni kuruka hatua: Bunge lilimchagua 9 Mei, akaapishwa 10 Mei.

Halafu kuna saa. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa sehemu ya Urusi ya Kisovieti, ulilipuka mwaka 1986 saa 7:23 usiku kwa saa za Moscow, tarehe 26. Afrika Mashariki ilikuwa saa 6:23 usiku, tarehe 26 ikiwa na dakika 23 tu tangu iingie. London ilikuwa bado saa 4:23 usiku wa tarehe 25. Kanuni ni kutumia tarehe ya mahali tukio lilipotokea, si ya mji wa shirika lililotuma habari. Tarehe ya tangazo nayo ni nyingine kabisa, kwani Moscow ilikaa kimya hadi jioni ya 28 Aprili, baada ya mitambo ya Sweden kunasa mionzi. Na hapa Kiswahili kina hazina inayotupwa bure. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" huondoa utata wote, ilhali "Ijumaa usiku" humwacha msomaji akikisia. Mapinduzi ya Zanzibar nayo yaandikwe hivyohivyo: usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964.

Siku ya juma ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Guernica, mji wa Wabaski nchini Hispania, ulipigwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia mchana wa Jumatatu, 26 Aprili 1937. Chanzo kikisema Jumapili, kifunge. Ila kwa tukio hili tarehe si tatizo kubwa. Tatizo ni idadi ya waliokufa. Serikali ya Wabaski ilitaja watu 1,654, na wanahistoria wengi wa leo wanataja idadi ndogo zaidi, mamia machache. Kisanduku cha maneno 20 hakina nafasi ya kueleza mzozo huo, basi heri kiache namba.

Kwenye siku za kuzaliwa ndiko uzembe unakotamalaki. Mwigizaji Jet Li (1963), msanifu majengo I. M. Pei (1917) na Charles Richter (1900), ambaye kipimo cha matetemeko kina jina lake, hawana utata. Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri, hatakiwi kuwemo kama mzaliwa wa siku hiyo. Daftari la kanisa la Stratford linaonyesha alibatizwa 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haikuandikwa, na hiyo 23 Aprili ni mapokeo. Tena hiyo 26 ni ya kalenda ya Juliasi, yaani ile ya zamani iliyo nyuma ya hii ya sasa, ambayo Uingereza iliishika hadi Septemba 1752, ilipotoka tarehe 2 na kuamkia tarehe 14. Kupata tarehe ya kalenda ya sasa, kwa karne ya 16 na ya 17 ongeza siku 10, kwa ya 18 siku 11, kwa ya 19 siku 12, kwa ya 20 siku 13. Ndiyo sababu Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, nchi iliyokuwa bado na kalenda hiyo ya zamani, ana tarehe mbili za kuzaliwa, 10 Aprili ya zamani na 22 Aprili 1870 ya sasa. Chagueni kalenda moja mwaka mzima, la sivyo mtu huyohuyo atazaliwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Tarehe za Hijria zina taabu ya kuandama kwa mwezi: jedwali linaweza kupishana na siku halisi kwa siku moja au mbili. Hapo tena siku ya juma iliyoandikwa kwenye waraka wa zamani ndiyo mwamuzi. Mzee Kenyatta, ambaye siku yake ya kuzaliwa haijulikani, asibuniwe moja. Tarehe ya kufa kwake, 22 Agosti 1978, iko wazi na inatosha. Ukikuta 1 Januari kwenye wasifu wa mtu wa zama zile, uliza kwanza kama ni tarehe au ni pengo lililojazwa na karani.

Na tafadhali, neno "sadfa ya ajabu" lipumzishwe. Katika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa hupita nusu. Wakifika 57 ni asilimia 99.

Chumba cha habari kifungue faili 366, moja kwa kila siku, bila kusahau 29 Februari. Kila ingizo liwe na mwaka, mahali, siku ya juma, kitenzi kimoja na vyanzo viwili visivyonakiliana. Matukio manne na wazaliwa watatu yanatosha kwa siku, matukio yatangulie. Kosa likipatikana lisahihishwe ndani ya faili siku hiyohiyo, kwa sababu mwakani mtu mwingine wa zamu ya usiku atalifungua na kulinakili lilivyo.

Mkutubi mstaafu,
Morogoro