Baba hataki mkono wake uwekwe kwenye kipeperushi changu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, naishi na wazazi wangu katika mji mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani. Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Wazazi walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wakapokelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Huko ndiko nilikozaliwa. Tuliletwa huku mwaka 2015. Baba akapata kazi kiwanda cha nyama, mama akawa anasafisha ofisi usiku. Mpaka leo ndizo kazi zao.

Nimeamua kugombea udiwani, na kilichonisukuma ni basi. Mama humaliza kazi saa saba usiku, basi la mwisho limeshaondoka zamani. Miaka mitatu alirudi kwa miguu kwenye theluji, mpaka nilipopata leseni na kigari. Wenzake wengi bado wanatembea. Sidhani madiwani wetu wana roho mbaya, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kusubiri basi saa hizo.

Shida imeanzia kwenye kipeperushi. Mmoja wa wanaonisaidia kampeni alikuja nyumbani na kamera, akampiga baba picha akinywa chai. Hakupiga uso, alipiga mkono. Shangazi, miaka kumi ya kushika kisu kwenye baridi imeufanya mkono ule ujikaze kila usiku. Asubuhi mama humletea baba maji ya moto kwenye beseni, kisha humkunjua vidole kimoja kimoja, akianzia kile kidogo, ndipo aweze kufunga vifungo vya shati.

Picha ilipochapwa nikampelekea. Aliitazama, akaifunika mezani. Huwa ananiita "mama" kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akaniambia kwa Kibembe, lugha anayoitumia kwenye jambo zito: "Mama, mkono huu niliutoa ule, usome. Sikuutoa ukabandikwe milangoni kwa watu wanihurumie."

Najua pia ana hofu. Kwetu, siasa ndiyo iliyowamaliza ndugu zake. Na mwaka 2019 aliona kwenye simu umati ukipiga kelele kwamba Ilhan Omar arudishwe alikotoka. Mbunge yule wa Marekani, mzaliwa wa Somalia, aliyekulia kambini Kenya kama sisi Tanzania! Nilimweleza habari za Mazahir Salih, mzaliwa wa Sudan, aliyechaguliwa kuingia baraza la jiji la Iowa City mwaka 2017. Alinisikiliza, akauliza tu kama baba yake yule mama alikubali.

Wenzangu wa kampeni nao wana hoja. Wapiga kura wengi hapa ni wenyeji, na hawanijui. Watu wa kanisani kwetu, waliojaa sebuleni kunipongeza, wengi hawajafikisha miaka mitano inayotakiwa kuomba uraia, kwa hiyo hawapigi kura. Wenzangu hao wa kampeni wanasema nisipoeleza nimetoka nyumba gani, nitaonekana msichana anayelalamikia mabasi tu. Na kweli, nikizungumza habari za zamu za usiku bila kuwataja wazazi, maneno yananikauka mdomoni.

Lakini je, maisha haya ni yangu kuyasimulia? Njaa ya kambini niliionja, hiyo ni yangu. Mkono ni wake.

Kipeperushi kinakwenda kwa mchapaji wiki ijayo. Mama ananiambia nisubiri baba atulie, na baba hanigombezi, hasemi kitu. Juzi nilileta fomu ya sahihi za wanaonidhamini. Baba ni raia, alifaulu mtihani wa uraia kwa kusoma maswali yote mia usiku baada ya zamu. Mama alisaini. Baba aliishika kalamu kidogo, akairudisha mezani, akasema vidole vimekataa.

Ilikuwa jioni, Shangazi, na jioni vidole vyake huwa vinafanya kazi. Nimwendee vipi? Niitoe picha na habari zake zote ndipo nimwombe sahihi, au nimwombe kwanza anieleze yapi nina ruhusa kuyasema?

Binti wa Fizi,
Iowa