Roboti inayopiga ngoma nayo ni roboti

Mhariri,

Binti yangu wa Gredi ya 8 alipeleka roboti yake kwenye maonyesho ya sayansi hapa Kisumu. Mwili ni mkebe wa mafuta ya kupikia, magurudumu ni vifuniko vya chupa, na mota aliitoa kwenye redio mbovu ya kaseti niliyoinunua soko la Kibuye. Inapiga ngoma. Waamuzi wakaikataa, eti roboti lazima ifanye kazi ya maana.

Nani alisema? Ni kweli Unimate, ule mkono wa chuma ulioanza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko Marekani, ulibeba vyuma vya moto ambavyo vingemuunguza mtu. Lakini miaka ya 1770 kule Uswisi, fundi wa saa Pierre Jaquet-Droz na wenzake waliunda mwanasesere anayeandika: anachovya unyoya kwenye wino, anaukung'uta, kisha anaandika. Wajapani nao walikuwa na wanasesere wa kupelekea wageni chai, bila umeme. (Hiyo ya chai, kusema kweli, ni kazi ya maana.)

Waandaaji watenge kitengo cha sanaa na burudani mwakani. Mkebe wetu bado unapiga ngoma, na majirani wameshaanza kulalamika.

Mzazi,
Manyatta, Kisumu