Farasi aliyekaa bure masika nzima asirudishwe kazini kwa siku moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye farasi wa kupandisha wageni, mameneja wa hoteli wanaopokea maombi ya wageni hao, na masaisi, yaani watunza farasi, wenzetu wa Nungwi, Kendwa, Paje na fukwe nyengine za Unguja.

Mvua za masika zikiingia, wageni hupungua, hoteli nyengine hufunga, na farasi huachwa wale na walale mpaka Juni. Wageni wakianza kushuka tena, farasi anapigwa brashi, anatiwa tandiko, na jioni ile ile anakwenda shoti, yaani mbio, mchangani na mtu wa kilo 90 mgongoni. Baada ya wiki mbili tatu anachechemea, na lawama anatupiwa saisi.

Kinachowadanganya watu ni pumzi. Moyo na mapafu ya farasi havisahau kazi upesi. Aliyepumzika mwezi mmoja hupoteza kidogo sana, na hata aliyekaa miezi mitatu atarudishiwa pumzi na minofu kwa wiki chache za kazi ya asteaste. Kano za miguu ndizo zinazochelewa: zinataka miezi mitatu hadi sita kukaza sawasawa, na mfupa unaweza kuhitaji hata mwaka. Kwa hiyo wiki ya tano au ya sita farasi anang'ara, anavuta hatamu, anataka kukimbia, na miguu yake bado ni ile ile ya Aprili. Hapo ndipo kano ya nyuma ya mguu wa mbele inapochanika. Ikishachanika, ni miezi 9 hadi 12 ya matibabu, na wengi hawarudii kazi yao ya zamani.

Hesabu basi ianzwe kinyumenyume. Farasi aliyesimama miezi mitatu anahitaji wiki nane kabla ya kukimbia kidogo na mgeni, na kumi na mbili kabla ya shoti kamili. Anayetaka farasi wake wawe tayari mwisho wa Juni ni lazima aanze mwisho wa Aprili, yaani mvua ingali inanyesha. Bora kuliko yote ni kutomwachia kabisa: matembezi ya nusu saa mara tatu kwa wiki, hata katika manyunyu, yanapunguza kazi ya Juni.

Kabla tandiko halijagusa mgongo, kuna ya kukagua. Masika huozesha kwato. Ile nyama ya pembe tatu iliyo katikati ya unyayo ikiwa na weusi unaonuka, isafishwe kila siku, ikaushwe na kutiwa dawa, na banda liinuliwe pakavu. Kwato zikatwe au viatu vibadilishwe kila wiki sita hadi nane. Kwato ndefu kwa mbele inaongeza mvuto kwenye kano ile ile tunayoihofia. Mgongoni tafuta magamba yanayong'oka na nywele zake: ni maradhi ya ngozi yaletwayo na mvua, na tandiko halikai juu yake mpaka ngozi ipone. Meno yapigwe tupa na daktari wa mifugo mara moja kwa mwaka kwa uchache, maana farasi mwenye meno makali hudondosha chakula na hupigana na lijamu, kile chuma cha kinywani, halafu mtu akasema ana ukaidi.

Tandiko lenyewe litazamwe upya. Minofu ya mgongo imepungua au mafuta yameongezeka, na tandiko lililomkaa vizuri Februari huenda linambana sasa. Mpandaji akiwa juu, vidole viwili hadi vitatu vipite baina ya tandiko na kinundu cha mabega. Baada ya kazi litoe utazame jasho: penye doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa, hapo panagandamizwa. Mkanda wa tumbo usafishwe kila siku, kwa sababu ngozi iliyopumzika ni laini, na mchanga wenye chumvi chini ya mkanda huichuna kwa safari moja.

Sasa kazi. Wiki ya kwanza ni kumtembeza kwa kamba bila mtu, dakika 20 hadi 30, kwa hatua ndefu, si kujikokota. Wiki ya pili apandwe na mtu mwepesi, dakika 30 za kutembea tu. Wiki ya tatu zifike 45, na mwisho wa wiki hiyo saa nzima. Wiki hizi tatu ndizo zinazorukwa na kila mtu kwa kuonekana hazina kazi, na ndizo zinazojenga miguu. Wiki ya nne aanze mwendo wa matiti, yaani ule wa kudundadunda ulio kati ya kutembea na shoti: dakika moja, atembee tatu, arudie mara nne au tano, pahali tambarare. Kufika wiki ya sita, matiti yawe dakika tatu hadi tano kwa mkupuo, jumla 15 hadi 20. Shoti ya polepole ingoje wiki ya saba, dakika moja mara mbili. Ya nane, dakika mbili mara mbili au tatu. Siku tano kwa wiki zinatosha, na siku ya sita atembezwe kidogo tu. Wala usiongeze mambo mawili wiki moja: ukirefusha muda, usizidishe kasi, ukihamia mchanga unaochosha miguu zaidi, punguza dakika. Aliyepumzishwa kwa sababu ya jeraha la kano haingii katika hesabu hii. Yeye ni wa daktari.

Kipimo cha kujua kama kazi imezidi ni mapigo ya moyo. Weka vidole chini ya mfupa wa taya, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Akiwa ametulia yawe 28 hadi 44. Dakika kumi baada ya kazi yawe yameshuka chini ya 60. Yakikataa kushuka, wiki ile irudiwe. Na kila asubuhi, kabla ya kumtoa, pitisha kiganja nyuma ya mguu kutoka goti hadi kifundo, mguu mmoja kisha wa pili, ukilinganisha. Joto dogo au uvimbe wa upande mmoja ni habari ya kazi ya jana. Farasi huyo hapandwi leo, hata kama hachechemei.

Mchanga nao una elimu yake. Mchanga mkavu wa juu, pale penye viti vya wageni, unazama na kuvuta kano kila hatua. Farasi asiyekaza asipite hapo ila kwa kuvuka. Panapofaa ni mchanga mnyevu, mgumu, ulioachwa na maji yakikupwa. Tatizo ni saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakajaa na kupwa sana, maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kabisa saa 4 au saa 5 asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Alfajiri na magharibi za siku hizo ufuo ni mwembamba na umelala upande, na kumkimbiza farasi kwenye mteremko ni kuulemeza mguu mmoja. Siku za maji mafu, yaani za nusu mwezi, maji yasipojaa wala kupwa sana, mambo hugeuka: maji yanakupwa karibu na alfajiri na alasiri, baridi na mchanga mgumu vikakutana. Ratiba nzuri basi inafuata mwezi: matiti na shoti zipangwe siku za maji mafu, na siku za bamvua atembezwe kwenye njia ya udongo minazini. Lami inafaa kwa kutembea tu. Kwenye pwani ya mashariki kaeni mbali na vijiti na kamba za mwani, kwa usalama wa mguu wa farasi na kwa heshima ya kina mama wenye mashamba yao.

Maji ya bahari si mchezo pia. Maji ya magotini ni mazito kuyatembea, na dakika tano ni kazi tosha kwa farasi wa wiki ya nne. Akitoka aoshwe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, chumvi isibaki chini ya mkanda wala miguuni.

Joto letu na unyevu wa hewa vinamnyima farasi njia yake ya kupoa, kwa sababu jasho halikauki. Kazi iishe kabla ya saa 2 asubuhi au ianze baada ya saa 11 jioni. Akirudi anahema, amwagiwe maji mengi mwili mzima, shingo, kifua na mapaja, ndoo baada ya ndoo, bila kusubiri. Bado wapo wanaosema maji baridi yatamkaza misuli. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kwamba hayamdhuru, na ndivyo wanavyopozwa farasi wa mashindano hadi leo. Mchunguzeni pia farasi aliyeletwa kutoka nchi ya baridi: wengine huacha kutoa jasho kabisa, ngozi ikawa kavu huku anahema kwa kasi. Huyo hafanyi kazi ya jua hata awe mzima vipi.

Kuhusu homa: mbung'o alitangazwa kumalizwa Unguja 1997, lakini usubi hawajamalizwa, na ndio wanaobeba maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo hayana dawa ila chanjo. Baada ya mvua huwa wengi, khasa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Pima joto kila asubuhi, likizidi 38.5 kabla ya kazi, farasi abaki bandani na daktari aitwe.

Chakula kifuate kazi, kisiitangulie. Farasi wa kilo 365 anahitaji kiasi cha kilo 7 za majani makavu kwa siku; yakiwa mabichi, yenye maji mengi, ni kilo 30 na zaidi, wala si mzigo mmoja wa kichwa. Nafaka apewe kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, na siku ya mapumziko ipunguzwe nusu. Anayekula nafaka ya kazi huku amesimama, kisha akatolewa ghafla, misuli ya mapaja inaweza kukaza kama ubao, akakataa kutembea, akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Asilazimishwe kurudi bandani hata hatua kumi. Asimamishwe hapo hapo, apewe kivuli na maji, na daktari amfuate.

Pumba, ambazo ndizo rahisi kupatikana, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Farasi anayelishwa pumba miezi mingi huvuta kalsiamu kutoka mifupani mwake, uso ukavimba na miguu ikauma kwa zamu. Kila kilo ya pumba itiwe gramu 50 hadi 60 za chokaa ya mifugo. Tunasema ya mifugo: chokaa ya tanuri ya kujengea itamuunguza kinywa na tumbo. Chumvi gramu 30 kwa siku, na 60 siku za jasho. Maji yasikatike, siku ya kazi anaweza kunywa lita 50 au zaidi, na yaonjeni kwanza, maana visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na farasi huyanywa kwa kujinyima. Chakula kisimwagwe chini mchangani. Chukua mafundo sita ya kinyesi, yatie kwenye mfuko wa maji unaoonyesha ndani, koroga, uache: mchanga ukitua chini, tumbo linakusanya mchanga na maumivu yako njiani.

Mwisho ni uzito, na hili ni la hoteli zaidi kuliko la saisi. Zungusha kamba isiyovutika kifuani nyuma ya miguu ya mbele, uipime. Pima na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa 11,877. Mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa 150 unakupa kilo 365. Farasi huyo, akiwa amekaza, asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, yaani kilo 73 pamoja na tandiko. Tandiko la kilo 10 likitolewa, mgeni asizidi kilo 63. Katika wiki za mwanzo asilimia iwe 15, na hapo anabaki mtu wa kilo 45, pengine kijana wa hapo hapo bandani. Mizani ya chini haina gharama kubwa: iwekwe mapokezi, na uzito uulizwe wakati wa kuweka nafasi, kabla mgeni hajafika ufukweni amevaa kofia. Mwezi wa Juni ziuzwe safari za kutembea tu, nusu saa machweo, na tangazo la shoti ufukweni lisubiri mpaka saisi aseme farasi yupi yuko tayari.

Wako,
Watunza farasi,
Kusini Unguja