Mwaridi Unaonukia na Kurudia Kuchanua: Namna ya Kuuchagua kwa Bustani ya Nyumbani

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Njiro aliingia kitaluni kwetu akiwa ameshika waridi jekundu lililofungwa kwa nailoni, zawadi ya mahafali ya mwanawe, akaomba tumpatie mche wa ua lile lile aupande mbele ya nyumba, kwa sharti moja tu: harufu yake ifike barazani. Tulimwomba kwanza alinuse ua alilolishika. Alilisogeza puani mara mbili, kisha akacheka na kusema kwamba linanuka nailoni.

Mama huyo hakukosea lolote, kwa kuwa wengi wetu hapa Arusha tumeyajua mawaridi, au rozi kama tulivyozoea kuyaita, kupitia maua ya kukatwa yanayotoka kwenye mashamba makubwa. Maua hayo yamechaguliwa kwa vikonyo virefu vilivyonyooka, kwa kustahimili safari ya ndege na kwa kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Harufu haikuwa miongoni mwa sifa zilizotafutwa, na katika aina nyingi imepotea njiani. Ukichomeka kikonyo chake ardhini kinaweza kushika mizizi, lakini utapata mmea mrefu, mwembamba, uliozoea kulelewa ndani ya banda la plastiki, ambao mvua za masika zikianza hushikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, kabla ya jirani zake wote.

Anayetaka ua la bustani atafute miwaridi ya vichaka, na atafute sifa mbili ambazo hazifuatani: kunukia, na kurudia kuchanua. Ipo miwaridi inayonukia sana na kuchanua mara moja tu kwa mwaka, na ipo inayochanua miezi yote bila harufu ya maana. Iceberg, ule mweupe wa mwaka 1958 unaoonekana katika bustani za hoteli nyingi, ni wa kundi hili la pili; ni mmea mwaminifu kwelikweli, ila usiupande kwa ajili ya pua.

Mawaridi mengi ya kale ya Ulaya yalikuwa ya msimu mmoja. Tabia ya kurudia ililetwa na mawaridi ya China, yaliyofika huko mwishoni mwa karne ya 18, ambayo jeni inayozuia mmea usichanue nje ya msimu imeharibika ndani yake, mfano wa gari lililokatika breki: kila tawi jipya linaloota huishia na ua. Wazalishaji wa miche walianza kuyachanganya na yale ya kale, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwingereza David Austin alitoa Constance Spry mwaka 1961, ua kubwa la rangi ya waridi lenye harufu ya manemane, lakini lilichanua mara moja kwa mwaka basi. Ilimbidi aendelee kuchanganya, na mwaka 1983 zikatoka Mary Rose na Graham Thomas, aina zilizoyafanya mawaridi yake ya kurudia yajulikane mbali.

Kwetu sisi tabia hiyo ni ya lazima. Miwaridi ya msimu mmoja hutegemea baridi kali ya miezi kadhaa ili iandae matumba, na kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti, hata kama kinatuvalisha masweta, hakifikii kiwango hicho. Ndiyo sababu wateja wenye asili ya Pwani wanapotuulizia waridi lenyewe la marashi, lile la Damascus linalolimwa kwenye matuta ya Jebel Akhdar kule Oman, huwa tunawaeleza kwamba hatuliuzi. Hata kule kwao huvunwa kwa wiki chache tu za majira ya machipuko, baada ya baridi ya milimani. Hapa utamwagilia majani miaka mitatu. Badala yake tunapendekeza Rose de Rescht, kichaka kifupi chenye maua madogo ya zambarau iliyoiva, ambacho harufu yake inakaribiana sana na ile ya mrashi na ambacho hurudia kuchanua.

Kwa mtu anayeanza, chaguo letu la kwanza ni Mary Rose. Ipo miwaridi inayonukia kuupita, lakini hauchoki kuchanua na hausumbui. Gertrude Jekyll, wa mwaka 1986, una harufu nzito kuliko aina zote tulizo nazo, ingawa hurefusha matawi kuliko ilivyoandikwa kwenye picha za Ulaya, na ukiuacha ujiendee utapata maua matatu juu kabisa, mahali ambapo pua haifiki. Graham Thomas, wa njano, wenye harufu ya chai, hufanya hivyo hivyo. Dawa yake ni rahisi: usiyakate matawi hayo marefu, yapinde polepole na kuyafunga yalale kando ya uzio. Tawi lililosimama hupeleka nguvu zake kwenye ncha, ila likilala, kila jicho lililo mgongoni mwake huamka na kutoa kitawi chenye ua. Double Delight, mwekundu kwa mweupe, unanukia vizuri mno, lakini ubwiri unga unaupenda kama sisi tunavyoupenda, kwa hiyo tunamuuzia mwenye sehemu ya wazi inayopita upepo.

Harufu yenyewe ina saa zake. Nusa ua lililofunguka nusu, mnamo saa tatu asubuhi, jua likiwa limeanza kupasha na umande haujakauka; tumba halijatoa harufu bado, na ua lililofunguka kabisa mchana wa jua limeshaimaliza. Mwaka 2015 watafiti nchini Ufaransa walilinganisha Papa Meilland, unaonukia sana, na Rouge Meilland, usionukia sana, wakabaini kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya petali na kuzalisha sehemu kubwa ya harufu ile tunayoiita ya waridi. Kiwanda kimo ndani ya ua, na mbolea haiwezi kukijenga pale ambapo hakipo. Kwa wateja wa Dar es Salaam tunasema wazi kwamba joto la kule huangusha petali upesi, na kwamba asumini itawapa harufu nyingi zaidi kwa gharama ndogo.

Miche yetu mingi ni ya kubebeshwa, yaani aina uliyoichagua imeunganishwa juu ya shina lenye mizizi la mwaridi mwingine, tunaloliita shina mama. Chunguza uvimbe ulipo muungano, kisha uwe unakagua chini yake kila mwezi: chipukizi lolote linalotokea chini ya uvimbe ni la shina mama, si la aina uliyoinunua, na likiachwa litaumeza mmea wote. Lifuatilie hadi linapoanzia na ulinyofoe kwa mkono, maana ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake. Mteja mmoja alitulalamikia kwamba waridi lake la njano limegeuka rangi. Tulipofika nyumbani kwake, mwaridi wa njano ulikuwa umekufa zamani na shina mama ndilo lililokuwa likichanua.

Mengine ni ya kawaida: jua la saa sita au zaidi, shimo la nusu mita lililochanganywa samadi iliyooza vizuri, nafasi ya mita moja kati ya mche na mche, na maji yamwagwe chini bila kuloanisha majani. Ua likinyauka, likate hadi kwenye jani imara lenye vipande vitano, na baada ya wiki sita hadi nane utaona jingine.

Miche iliyo tayari huwa tunaipanga ikiwa na maua yake, wala hatuuzi kwa picha. Jumamosi ijayo tutafungua saa mbili na nusu asubuhi, na tunawaomba watakaofika kuchagua wasijipulizie manukato siku hiyo.