Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za paa la banda mnazijua, maana wote tulichanga. Muda wangu nautumia kuzungumzia mti.

Mwaka huu mteja alirudisha kinyago alichonunua hapa kwetu. Aliambiwa ni mpingo. Kilipolowa mvua, weusi ukamshika mikononi. Kumbe ni mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Nilimrudishia fedha zake kwa aibu ambayo sijapata kuiona tangu nishike tezo.

Mpingo si rangi. Weusi wake umo ndani ya kiini, na mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Gogo lake ukilitupa majini linazama. Tazameni vinyago vya ujamaa: watu wamebebana, kizazi juu ya kizazi, na wote wametolewa katika gogo moja, bila kiungo wala gundi. Wangeunganishwa vipande vipande, huo ukoo ungekuwa wapi?

Wala mti mwepesi haukudharauliwa na wazee wa Kimakonde. Lipiko, yaani kinyago cha kuvaliwa ngomani, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji hulivaa kichwani na kucheza nalo. Wachongaji walilipachika nywele za watu, na chale za usoni wakazitengeneza kwa nta ya nyuki. Wasiopita jandoni waliambiwa anayecheza ni mzimu, si mtu. Kwa mpingo, shingo ya mchezaji isingestahimili, na mzimu usiorukaruka nani angeuogopa? Wazee walijua kila mti una kazi yake ya kusema.

Kwa hiyo sikatai mti mwepesi. Nakataa kuuvika jina la mwenzake. Najua mpingo umekuwa adimu na ghali, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Basi mwenye mninga achonge mninga, auache na wekundu wake, aseme ni mninga.

Napendekeza kila kinyago kitakachotoka bandani kwetu kiandikwe jina la mti wake kwenye kitako, kwa chuma cha moto. Chuma hicho nimekwisha kukitengeneza kwa fedha zangu na kipo mezani kwa katibu. Naomba tulipigie kura jambo hili leo, kabla ya chakula.