Mama, msikilize Baba usiku

Leicester, Uingereza
12 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yangu. Sisi hatujambo, baridi imeshaanza na watoto tumewatolea makoti.

Kwenye simu nilikwambia nimesimama kazi kidogo, sikukwambia kwa nini. Leo nakuandikia yote.

Mwezi wa tatu nilisinzia kwenye taa nyekundu, basi likiwa na abiria. Bibi mmoja aligonga kioo cha dereva ndipo nikazinduka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Na usiku ule nilikuwa nimelala tangu saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri! Mkweo alikuwa ameshasema sana: unakoroma, unanyamaza kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Siku hiyo ndiyo nilimsikia.

Hospitalini walinipa kifaa nilale nacho nyumbani: mkanda kifuani, kimrija puani, na kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Majibu yalionyesha nina ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, wenyewe wanauita sleep apnea: pumzi yangu hukatika au kufifia mara 41 kila saa. Ikifika 30 wanaihesabu kuwa kali. Nikilala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inaziba, mpaka ubongo uniamshe nivute pumzi. Asubuhi sikumbuki kitu. Kumbe ndiyo sababu ya kuamka na kichwa kinachogonga, na kwenda haja ndogo mara tatu usiku. Sheria ya hapa inamtaka dereva wa aina yangu aiarifu mamlaka ya leseni na aache usukani mpaka ithibitike amepata nafuu. Iliniuma, lakini ni haki. Wale ni watoto wa watu.

Tiba niliyopewa ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Aliibuni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980. Mama, wiki tatu za kwanza niliichukia. Mdomo ulikauka, hewa ilivujia machoni, saa nane usiku naivua. Nikauliza njia nyingine. Kipo kifaa cha kuvaa mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, lakini hufaa zaidi wenye hali nafuu kuliko yangu. Upo upasuaji. Marekani, Desemba 2024, waliidhinisha hata sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa wagonjwa wanene. Mwishowe kilichonifaa ni kitu kidogo tu: walinibadilishia barakoa, nikapata ya puani peke yake, wakaongeza chombo cha maji cha kulainisha hewa. Sasa mashine inasoma mara 3 kwa saa. Nimesahau lini niliamka na kichwa kinauma.

Sasa nije kwa Baba. Tulipokuwa wadogo tulimsikia akikoroma hadi chumba chetu, tukasema amechoka na kazi. Leo presha yake haishuki na anameza vidonge vya aina tatu. Anasinzia barazani tasbihi ikiwa mkononi, hata kukiwa na wageni. Nakuomba usiku uache mkoromo, usikilize ule ukimya unaofuata. Anza kuhesabu polepole. Ukifika kumi hajavuta pumzi, na ikajirudia, mpelekeni hospitali ya Bombo mkamweleze daktari hivyo hivyo ulivyosikia, wala usione haya. Wakishindwa, aende Muhimbili kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Nauli na gharama ya vipimo nitatuma mimi.

Kwa sasa alale kwa ubavu, asilale chali. Zile dawa za usingizi alizopewa na jirani azirudishe, maana zinalegeza koo zaidi. Ikionekana anahitaji mashine, nimeshaanza kuulizia ya betri kwa ajili ya umeme unapokatika.

Nipigie Jumapili baada ya alasiri, uniambie ulihesabu mpaka ngapi.

Mwanao