Kitambulisho anacho, lakini bado ni mtoto

Mhariri,

Mimi ni dalali wa magari hapa Busia, upande wa Uganda. Naomba nafasi kidogo nieleze kosa lililonigharimu laki nne.

Alinijia kijana mmoja anayenunua mukene kule Majanji na kuileta sokoni. Wasomaji wa ng'ambo ya mpaka, mukene ndiyo dagaa. Alikuwa amechoka kulipia bodaboda gunia kwa gunia, akataka gari lenye buti pana, na dereva alikuwa amekwisha mpata. "Mzee, mimi usukani sigusi," akaniambia. Hela alikuwa nazo, milioni 7, zimefungwa kwa raba na zinanuka samaki. Mwalimu mmoja alikuwa anauza Probox yake kwa milioni 12. Tukapatana: 7 taslimu, 5 zilizobaki kwa miezi mitano.

Tuliandikishana vizuri. Nilijua kwamba Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka makubaliano ya kitu kinachozidi shilingi 500,000 yawe ya maandishi, basi nikaona hapo tumemaliza. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, akagonga muhuri. Kijana akatoa kitambulisho cha taifa, nami nikanakili jina na namba kwa mwandiko ninaojivunia. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa palepale kwenye kadi. Sikuisoma.

Sikuwa peke yangu, maana Mwalimu hakuisoma, mwenyekiti hakuisoma. Tumezoea kwamba mwenye kitambulisho ni mtu mzima. Kumbe hapa Uganda kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia miaka 16, na sheria ile ile ya 2010 inataka anayefunga mkataba awe ametimiza 18. Kati ya hapo na hapo kuna miaka miwili ambayo mtoto ana kadi mfukoni, ana sauti nzito, pengine ana hela kukushinda, na saini yake haimbani. Kijana wetu alikuwa na miaka 17 na miezi miwili.

Alilipa milioni moja ya kwanza bila kusukumwa. Mwezi wa pili giaboksi ikafa. Akalivuta gari mpaka nyumbani kwa Mwalimu, akaweka funguo mezani, akaomba hela zake. Mwalimu naye akadai salio lake. Wakanijia wote wawili wakiwa wamenuna, tukaenda kwa wakili Tororo. Aliisoma karatasi yetu taratibu, akaomba kitambulisho, akakitazama, akacheka cheko la mtu aliyekwisha jua kuwa kesi hii haina ada nzuri. Akasema, "Mwalimu, hili salio utamdai nani? Uliahidiwa na mtoto."

Mwalimu hakukubali upesi. Akauliza, mbona huyuhuyu anaruhusiwa kuajiriwa? Ni kweli, kwenye ajira sheria inamtambua mtu kuanzia miaka 16. Anaweza kuandikwa kazi ya kubeba magunia na akadai mshahara wake, ila gari la kubebea magunia hayo hawezi kujifunga kulinunua kwa deni. Mimi mpaka leo naona ni ajabu, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kilichonitoa jasho zaidi ni jambo ambalo halikutokea. Kwa kuwa deni lilikuwa halijaisha, kadi ya gari ilibaki kwa jina la Mwalimu. Miezi miwili Probox hiyo ilikuwa inakimbizwa na dereva ambaye Mwalimu hamjui hata kwa sura. Ingemgonga mtu, polisi wangeanza na jina lililo kwenye kadi. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria, tulikuta imeisha wiki tatu nyuma, na hakuna aliyeshughulika kwa sababu kila mmoja alidhani gari ni la mwenzake.

Mwisho tulimwita mama wa kijana. Hakuwa na habari hata kidogo kwamba mwanawe ana gari, na maneno aliyotuambia sisi watu wazima watatu hayafai gazetini. Mwalimu alirudisha milioni 6 kati ya 8, akabaki na gari bovu. Mimi nikarudisha udalali wangu wote.

Madalali wenzangu, kijana asiyetimiza 18 akija na hela, mwambieni aje na mzazi au mlezi. Huyo mkubwa anunue kwa jina lake na asaini yeye. Ya nani mwenye gari hasa wataelewana nyumbani. Akisema ataendesha mwenyewe, mkumbusheni kwamba hata pamiti, yaani leseni ya udereva, ya gari dogo haitolewi kabla ya 18. Na wenyeviti wetu wa LC, kwa heshima zote, muhuri haumwongezei mtoto umri.

Kijana bado tunaonana. Juzi alipita mbele ya kibanda changu amepakatana na gunia juu ya bodaboda, akanipungia mkono na kupaza sauti: "Mzee, bado miezi mitano!"

Dalali wa magari,
Busia, Uganda